Mshipa Tulivu

Chumba kilikuwa kitupu, lakini wapigaji kumi na wawili walikuwa wakipiga. Fidla tatu zililia upande wa dirishani, ganuni ikajibu karibu na mlango, na katikati ya zulia mwanamke asiyeonekana akavuta pumzi kabla ya kuimba. Injinia Mbeyu Shemndolwa alijikuta amerudisha mguu nyuma ili asimkanyage. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya sautihai, mashine isiyozidi chungu cha maua kwa ukubwa, iliyochukua rekodi ya zamani, ikampa kila mwanamuziki mahali pake hewani, ikamrudisha chumbani kama vile hakuwahi kufa.

"Sasa sikiliza nikiweka waya wako," alisema Bwana Mushumbusi, meneja wa duka la kampuni ya Mkondotulivu pale Raskazone, Tanga.

Alichomoa waya mnene wa rangi ya fedha, uliofanana na nyingine nyingi zilizochomekwa ukutani kote, akachomeka waya wa kawaida ambao Mbeyu mwenyewe aliutoa nyumbani kwake asubuhi ile. Muziki ukaanza upya. Fidla zilikuwa zile zile tatu, ila sasa zilisikika kama zimefunikwa kanga. Pumzi ya mwimbaji haikusikika kabisa.

Mbeyu hakufurahi. Alikuwa amekuja akitumaini kutosikia tofauti yoyote. Alikuwa mkaguzi katika Ofisi ya Vipimo ya jiji, na kwa miezi mitatu watu walikuwa wakimuuliza swali moja: huu Mshipa Tulivu, waya wa umeme ulioingia madukani zaidi ya miaka miwili iliyopita, ulio ghali kuliko mashine unayoilisha, ni kweli au ni utapeli?

"Bwana Mushumbusi," alisema, "umeme huu unatoka kwenye mitambo ya mawimbi huko baharini. Umepita kwenye nyaya za kawaida kilomita tisini mpaka kufika hapa. Hizi mita mbili za mwisho zinaurekebisha vipi?"

"Ndani yake kuna kichujio chenye akili. Kinausoma umeme na kuutakasa kabla haujaingia kwenye mashine."

"Naweza kuufungua nione?"

"Ukiufungua unajiunguza wenyewe. Siri ya kampuni hiyo, Injinia. Lakini chukua mmoja ukaupime utakavyo." Akaufungasha haraka, akampa kwa mikono miwili.

Wepesi ule ulimtia Mbeyu shaka kuliko ugumu ambao angekutana nao. Mwizi hakukaribishi kupekua nyumba yake ila anapojua kitu hakipo humo.

Katika maabara ya ofisi aliupima Mshipa siku nne mfululizo. Alipima umeme ulioingia kwenye sautihai na sauti iliyotoka. Akaita wasikilizaji ishirini, akawaketisha nyuma ya pazia, na roboti mpimaji akawa anabadilisha waya bila mtu kujua. Wasikilizaji wakabahatisha tu, wakapata nusu na kukosa nusu. Vipimo navyo vilisema hivyo hivyo: hakuna tofauti, hata chembe.

Angeweza kuandika ripoti na kuifunga. Lakini alikuwa na masikio yake, na kule Raskazone yalisikia kanga juu ya fidla. Tena waya uliochomekwa ulikuwa wake mwenyewe, haukuwahi kutoka mkononi mwake hadi dakika ile. Ikiwa waya ni ule ule na mashine ni ile ile, basi kilichobadilika ni mahali. Akaamua kujaribu katika nyumba ya kawaida.

Nyumba iliyomjia akilini ilikuwa ya mjomba wake, Hamdu Kirobo, ghorofa ya sita katika jengo moja la Chumbageni. Mzee alikuwa na sautihai, na alikuwa hana shughuli. Miaka arobaini alikuwa amepiga fidla katika kikundi cha taarabu, kisha miaka miwili iliyopita akaacha ghafla. Alidai kuna nyuki katika kisikizi chake, punje ya chuma iliyopandikizwa nyuma ya sikio ili kumsaidia kusikia. Madaktari walikikagua kisikizi mara tatu, wakakikuta kizima. Wakasema ni umri, na kwamba akili za wazee huanza kujitungia sauti. Binti yake alikuwa amemtafutia nafasi katika makao ya wazee huko Korogwe. Fomu ilihitaji shahidi, na Mbeyu ndiye aliyetia sahihi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunifungasha?"

"Hapana. Nina kazi ndogo ya ofisi. Nataka kuazima sautihai yako kwa saa moja."

Mzee alimtazama, akampisha. Alikaa kwenye kiti chake, kiganja kimebana nyuma ya sikio.

Mbeyu alianza na waya wa kawaida. Kanga ilikuwepo, ile ile ya Raskazone, imefunika kila ala. Akachomeka Mshipa, na fidla zikafunguka, safi kama maji ya chemchemi.

"Toa!" Mjomba Kirobo alikuwa amesimama, uso umekunjamana. "Toa hicho ulichoweka! Wamekuwa mzinga mzima!"

Mbeyu alichomoa. Mzee akaketi taratibu, akihema.

"Mjomba, wamepungua?"

"Wamerudi walivyokuwa."

Mbeyu alizima muziki. "Naomba ugeukie dirisha. Usiangalie ninachofanya. Ukisikia wameongezeka, inua mkono."

Alichomeka na kuchomoa mara kumi na tano, mara nyingine akijifanya amechomeka kumbe hakugusa kitu, na muziki umezimwa kabisa. Mkono wa mzee ulipanda kila ilipopasa kupanda, na kila alipodanganywa ulibaki gotini. Hakukosea hata mara moja.

Ndipo Mbeyu alipotoa kipimamkondo chake. Badala ya kukiweka kwenye mashine kama alivyofanya siku zote nne, alikiweka ukutani. Kisikizi kilipata nguvu zake kwa njia ya hewa, kutoka kwenye bamba lililofungwa ukutani katika kila nyumba, na bamba lilitumia nyaya za jengo. Mstari wa kipimo ulikuwa umejaa miiba. Alipochomeka Mshipa, miiba ikarefuka maradufu. Nyuki wa mzee walikuwa hiyo miiba.

Mshipa haukusafisha chochote. Ulitengeneza uchafu, ukausukuma kwenye nyaya za jengo zima, kisha ukajikinga nao wenyewe. Katika maabara, ambako hapakuwa na Mshipa mwingine, waya wa kawaida haukuwa na cha kuuchafua. Dukani, ambako mishipa ishirini ilichomekwa ukutani kama mapambo, waya wa kawaida ulizama. Mwenye kuununua hakupata muziki bora. Alirudishiwa muziki aliokuwa nao kabla jirani yake hajaununua.

Kesho yake alimwekea Bwana Mushumbusi michoro mezani. Alitarajia akane. Meneja aliitazama karatasi moja baada ya nyingine, kisha akazipanga vizuri.

"Tuliahidi tofauti, Injinia. Tofauti ipo, hata wewe uliisikia."

"Mlijua."

"Jengo likipata Mshipa wa kwanza, majirani husikia muziki wao umechakaa. Baada ya mwaka unagonga mlango hadi mlango, wote wanao. Hatujamlazimisha mtu."

"Kuna watu wana visikizi humo ndani."

"Wachache sana," alisema Bwana Mushumbusi, kwa sauti ya upole.

Amri ilitoka wiki hiyo hiyo. Maroboti wa jiji walipita Chumbageni wakikusanya mishipa, na katika jengo la Mjomba Kirobo peke yake ilipatikana arobaini na mmoja. Watu walilalamika mlangoni, wengine wakaificha chini ya vitanda. Walipowasha mashine zao na nyaya za kawaida, walishangaa kwamba hakuna kilichoharibika.

Mbeyu alikwenda kwa mjomba wake Jumamosi asubuhi, na fomu ya Korogwe mfukoni, ameikata sahihi yake kwa wino mwekundu. Alimkuta barazani akitazama barabara. Mkono wake haukuwa sikioni.

"Nyuki wameondoka?" Mbeyu aliuliza.

"Wameondoka."

"Basi utapiga tena, Mjomba."

Mzee alinyoosha vidole mbele yake, akavikunja. Viwili havikufika kwenye kiganja. "Fidla ni kama mke, mwanangu. Ukimwacha miaka miwili, usitegemee akungoje. Nilimpa kijana wa Pangani." Kisha akauliza, "Siku ile ulipokuja na vyombo vyako, ulikuja kunisikiliza mimi, au ulikuja kusikiliza waya?"

Mbeyu aliona majibu mawili. Moja lilikuwa tamu na lingepita bila kuulizwa zaidi.

"Waya, Mjomba."

Mjomba Kirobo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu na kukuta uzito ni ule aliouhisi mkononi. Alivuta kigoda cha pili kwa mguu, akakisukuma upande wa Mbeyu.

"Kaa," alisema. "Miaka miwili nimesema na hakuna aliyesikia. Leo nisikilize."

Mbeyu aliketi. Mzee akaanza tangu siku ya kwanza, nyuki wa kwanza, na jua lilipofika utosini alikuwa bado hajafika nusu.