Mlango Uliochorwa Wazi

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa umalize. Edinah ni jirani yangu hapa Kericho, tunaanika nguo kwa kamba moja, na si mtu wa kuona majini mchana. Kazi yake ni kuchora kwa kompyuta nyumba ambazo bado hazijajengwa, mpaka mwenye shamba ajione ameketi sebuleni hata kabla msingi haujachimbwa. Aliiacha kazi hiyo miaka saba akimlea binti yake, Chelimo. Aliporudi kuitafuta, kila ofisi ilimuuliza swali moja: picha zako za juzi juzi ziko wapi? Hakuwa nazo hata moja. Kwa hivyo mwalimu mmoja anayeitwa Kimeli alipomwomba amchoree nyumba, Edinah aliishika kazi hiyo kwa mikono miwili.

Jumatatu walienda shambani, yeye na Kimeli. Kilima, chai pande zote, na kiwanja kilichojaa nyasi. Edinah akapiga picha. Pembeni mwa chai alisimama bibi mmoja amejifunika blanketi, naye akampiga picha pia, kwa sababu nyumba isiyo na mtu mlangoni haionyeshi ukubwa wake.

Alichora siku tatu. Vyumba vya ndani, kwa haraka, alivichora kwa vipimo vya nyumba yake mwenyewe: sebule yake, korido yake, chumba cha Chelimo na kitanda chake kidogo kando ya ukuta. Nani angejua? Halafu akamkata yule bibi kutoka kwa picha, akamsimamisha barazani. Mlango akauacha wazi. Huo ni ujanja wa watu wa kazi hiyo, ati mlango uliofungwa humfukuza mteja.

Alhamisi jioni Kimeli akaja kuona. Alianza kwa kutabasamu, kisha akainama karibu na kioo cha kompyuta.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Si alikuwa pale shambani?"

"Edinah, shambani tulikuwa wawili." Akashusha sauti. "Huyo ni kogo, mama ya baba yangu. Walimwita mchawi. Siku moja ya mvua ya mawe alipiga hodi kwa baba, na baba hakufungua. Mvua ilipokatika walimkuta hapo mlangoni, amekufa. Kogo alikuwa mtu wa heshima, hakuingia kwa mtu bila kukaribishwa. Na mtoto aliyemzaa akakataa kumkaribisha. Futa hii nyumba. Yote."

Edinah akakubali kwa mdomo. Lakini jameni, kufuta! Kazi ya kwanza baada ya miaka saba, na Jumatatu iliyofuata ofisi moja ilikuwa inataka kuiona. Akamfuta bibi peke yake. Nyumba akaiacha.

Ijumaa saa tisa mchana akaiambia kompyuta itoe picha ya nyumba upya. Bibi alikuwa juu ya kizingiti.

Akamfuta. Akatoa nyingine. Sasa alikuwa sebuleni kando ya kochi, na blanketi lilikuwa linadondosha maji. Edinah akajiambia ni kompyuta kuukuu, inakumbuka mambo ya jana.

Nje mvua ya mawe ikaanza kugonga mabati. Akatoa picha ya tatu.

Korido. Bibi amesimama. Ametazama chumba cha mtoto.

Ndipo akamsikia Chelimo anaongea.

"Chelimo?" Edinah akaita kutoka kwa kompyuta. "Unaongea na nani?"

"Na kogo, mama. Amelowa. Amesimama tu hapa mlangoni, anaogopa kuingia."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia karibu. Si wewe ulinifunza?"

Edinah akakimbia. Hakukuwa na bibi. Chelimo alikuwa kitandani peke yake, amejibana ukutani, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi.

Siku hiyo hiyo alifuta kila kitu, nyumba na picha za shamba. Jumatatu ofisi ikapiga simu na hakuwa na cha kuonyesha. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Alilia kwangu jikoni mpaka chai ikapoa, nami roho iliniuma, lakini nilimwambia umefanya vizuri, mama, yameisha.

Nilisema uongo bila kujua. Chelimo bado analala amejibana ukutani, ukimvuta katikati anarudi. Na asubuhi nikienda kuwasaidia kutandika, ule upande mwingine wa shuka una mawe ya mvua. Matatu, wakati mwingine manne. Nimeyashika kwa mkono huu. Tumeyaweka kwa sufuria, tukayachemsha mpaka maji yakakauka.

Hayayeyuki.