Mbuzi Asiyepanda Lori

Kila alfajiri Kakenya aliondoa miiba mlangoni mwa zizi, akawatoa mbuzi, kisha akaenda kisimani na mtungi wake kabla ya shule. Mwaka huo wa ukame kazi hiyo ilimchosha hadi mifupani. Nyasi zilikuwa zimeisha kuanzia Isinya hadi Kitengela, na mbuzi, kama watu, walitembea wakiburuta miguu.

Jumamosi moja mnunuzi alikuwa anakuja.

"Leo wakienda, tutapumzika," alisema Dinah, mama yake, akiegemea fimbo. "Wakibaki, watatufia mikononi."

"Ee, Yeyo," Kakenya aliitikia, lakini alikuwa akimtazama beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni. Siku chache nyuma, mama alipokuwa sokoni Kiserian, beberu huyo alikohoa hadi akashindwa kusimama. Kakenya alimdunga sindano, kama alivyofundishwa. Sheria ya boma lao ilikuwa moja: mbuzi akidungwa, afungwe kitambaa chekundu shingoni, asichinjwe mpaka dawa imwishe mwilini. Lakini jioni ile Kakenya alikuwa hoi. 'Nitamfunga kesho,' alijiambia. Kesho ikaja na uchovu wake, na kitambaa kikabaki kinaning'inia ukutani. Aliyejua ni yeye na binamu yake Soipan tu.

Lori lilipofika, Kiragu, mnunuzi, aliruka chini, akamsalimu mama kwa Kimaasai.

"Takwenya, Mama Kakenya!"

"Iko. Karibu, Kiragu. Watazame kabla upepo haujawapeperusha."

Kiragu alicheka. Aliwafungua vinywa mmoja mmoja, akawapapasa migongo. "Huyu mweupe ndiye mfalme! Akitoka machinjioni Kitengela, ni lori la baridi hadi Mombasa. Ataiona bahari kabla yako, Kakenya."

"Nyama yote huenda ng'ambo kwa meli?" Kakenya aliuliza.

"Nyingine kwa ndege, ya wenye haraka. Nyingine kwa meli, ndani ya kontena la baridi. Usione Mombasa ina maghorofa, inakula bandarini. Meli ikitia nanga, wapakizi wako na kazi, madereva wako na safari, mama wa mahamri anauza, hata kinyozi anapata kichwa cha kunyoa. Meli ikikosa mzigo, mji mzima unapiga miayo."

"Ndugu yangu Parsaoti ni mpakizi huko," mama alisema. "Mwaka jana alikaa sana bila kazi."

"Ni ule mzigo uliorudishwa. Ng'ambo walipima nyama, wakakuta dawa kwa mbuzi mmoja. Mmoja tu! Kontena zote zikarudi, na wanunuzi wakahamia bandari nyingine."

Kakenya alikumbuka mjomba Parsaoti alivyopiga simu wakati ule, akisema watoto wake wanalala na chai ya rangi.

Soipan, aliyesimama kando yake, alimfinya. "Nyamaza wewe! Si amepona? Ukisema, wote watabaki hapa, na ni wewe utawachotea maji."

Kakenya alimtazama mama yake. Alikuwa ameketi juu ya mtungi, miguu yake imepauka kwa vumbi, macho ameyafumba kidogo. Alionekana kama mtu ambaye tayari ameanza kupumzika. Mbuzi wengine walikuwa wameshapakiwa lorini, na sasa beberu mweupe akainuliwa.

"Mshushe," Kakenya alisema. Hakuna aliyesikia. "Mzee Kiragu, mshushe huyo! Nilimdunga sindano, na sikumfunga kitambaa."

Mama alifumbua macho.

"Na hawa wengine?" Kiragu aliuliza.

"Hawajaguswa," mama alisema.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hata ya huyu hukuyajua."

Mbuzi wote walishushwa, na lori likaondoka tupu.

Mama hakumchapa wala hakumkemea. "Chukua mtungi," alisema tu.

Siku zilizofuata waliwaswaga mbuzi mbali, wakitafuta maganda ya migunga. Mbuzi mmoja mzee alilala asiamke. "Si nilikuambia?" Soipan alinung'unika kila asubuhi, lakini naye alibeba mtungi.

Hatimaye afisa wa mifugo alikuja, akawakagua mbuzi wote na kuwaruhusu wauzwe, isipokuwa beberu mweupe. Kiragu naye akarudi. Safari hii hakumfungua mbuzi hata mmoja kinywa.

"Kakenya! Yupi asiyepanda?"

Alimwonyesha yule mwenye kitambaa chekundu shingoni.

"Basi wengine wote juu! Na kuanzia leo, nikija huku naanzia boma hili."

Lori lilipoingia barabara ya lami, mama alimshika bega. "Mwanangu, kilichotuponza si ule ukweli wako. Ni ile kesho yako. Kuchoka si kosa, lakini kazi ukiikimbia humwendea mtu mwingine ikamchoshe yeye. Bandari ya Mombasa haianzii baharini. Inaanzia hapa zizini. Tukidanganya hapa, Parsaoti anakosa kazi kule, na lori halirudi kwetu."

"Nimesikia, Yeyo."

Kakenya aliinua mtungi. Kisima kilikuwa mbali vilevile. Beberu mweupe akamfuata nyuma, kitambaa chake kikipepea.