Dada Asiyehesabiwa

Kila siku akitoka shule, Corinne Haldeman alifunga aproni na kumsaidia shangazi yake, Loretta, kupanga mikate ya mdalasini katika duka la baba yake, katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani. Shangazi ndiye aliyekanda unga tangu alfajiri. Hata wakati wa korona, maduka yalipofungwa, baba hakukata mshahara wake wala wa mzee Pruitt, mfanyakazi mwingine wa duka.

Siku hiyo oveni kubwa ilikuwa imezima tena, na fundi alishasema haitengenezeki. Baba, Bwana Wendell, alikuwa mezani na mhasibu, Bi. Ostrowski. Uso ulimchangamka kama zamani.

"Kumbe ilikuwa haki yangu muda wote huo!"

"Haki yako kabisa. Serikali iliwapa nafuu ya kodi waajiri walioendelea kulipa mishahara. Wewe hukuidai."

"Niliambiwa aliyechukua mkopo wa serikali haipati!"

"Mwanzoni ilikuwa hivyo. Sheria ikabadilika, wengi hawakusikia. Tutarekebisha fomu zako za kodi za miaka ile, na ukirudishiwa kodi utanunua oveni. Lakini mshahara wa ndugu wa mwenye duka hauhesabiwi. Katika hawa wafanyakazi, yupo ndugu yako?"

Baba alitazama orodha ya majina. Loretta alikuwa akitumia jina la mumewe, hivyo mhasibu hakujua kuwa ni dada yake.

"Hakuna," alisema. "Loretta ni mfanyakazi tu."

Corinne, aliyekuwa akipanga mikate karibu nao, alishtuka. Baba alimkazia macho, naye akarudi jikoni roho ikimuuma.

"Mbona umenuna kama umelamba limau?" Shangazi alimtania. "Baba yako kapata pesa au kakosa?"

"Atapata. Lakini amesema wewe si ndugu yake."

Shangazi aliweka trei chini. Alijifuta unga mikononi, akaenda moja kwa moja mezani.

"Wendell, mama alikuzaa peke yako?"

"Nyamaza, Loretta! Bila mshahara wako tunapata kiduchu, wa mzee Pruitt peke yake. Oveni hatununui. Na kazi yako ndiyo basi tena!"

"Najua. Bi. Ostrowski, nitoe humo. Mimi ni dada yake, tumbo moja."

Mhasibu alimgeukia baba. "Bwana Haldeman, ungetia sahihi ukiapa kwamba haya ni kweli. Wangegundua, ungerudisha pesa na faini juu yake." Kisha akalifuta jina la Loretta kwenye orodha.

Pesa iliyokuja haikutosha oveni mpya. Duka likabaki na oveni ndogo, kazi ikapungua, na Shangazi akaajiriwa kwenye ghala kubwa kando ya barabara kuu, kubeba masanduku. Siku ya mwisho, Corinne alimshika mkono mlangoni huku akilia.

"Ningenyamaza, ungebaki."

"Ningebaki, ndiyo, nikiwa mtu baki kwa kaka yangu mwenyewe. Sikiliza, mwanangu. Anayekwambia kwamba ukweli hulipa kila mara anakudanganya. Mimi ukweli umenigharimu kazi, na inaniuma. Lakini oveni hununuliwa, hata miaka ikipita. Ndugu ukishamkana mbele za watu, utakwenda duka gani kumnunua mwingine?"

Baba aliyasikia yote. Aliendelea kukanda unga, wala hakuinua kichwa.