Hata Mfupa Mmoja

Harufu ilitangulia kuingia, mwenyewe akafuata.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, majuma matatu kabla ya Krismasi, na familia nzima ilikuwa imeizunguka meza ya sebuleni. Baba, fundi wa friji na friza ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa na kalamu mkononi na karatasi iliyojaa mpaka pembeni. Mama, mpishi wa shule, alikuwa akitaja vitu vya kununua. Mapacha wa miaka saba walikuwa chini ya meza wakigombania kizibo cha soda. Na Kijiko, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kuonja kila kinachochemka jikoni, alikuwa akisisitiza keki ziwe tatu.

"Andika mbuzi wawili," Baba alijiamuru mwenyewe, akaandika. "Mwaka huu dada yangu hatapata la kusema."

Hapo ndipo harufu ile ilipoingia. Ilikuwa harufu ya yai viza, ya maji yaliyooshewa samaki juzi, ya kitu kilichokufa mahali pasipofikika. Kijiko aliziba pua. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona. Alivaa buti za mpira zilizofika magotini, begani alibeba ndoano ndefu ya chuma, na matope meusi yalikuwa yamemkaukia mpaka kiunoni.

"Karibu ndani," Mama alisema.

"Hapa hapa panatosha, dada. Nikiingia mimi, mtahama ninyi." Mwanamke alicheka peke yake. "Mimi ndiye ninayezibua mtaro unaopita nyuma ya nyumba hizi. Naomba maji ya kunywa, halafu nina neno moja tu, niende zangu."

"Kijiko, mletee mgeni maji. Na salamu yako iko wapi?"

"Shikamoo," Kijiko alisema kupitia vidole vilivyobana pua, sauti ikatoka kama ya bata. Mapacha waliangua kicheko.

"Marahaba, mwanangu. Usijali. Hata mimi siku ya kwanza nilijibana hivyo hivyo."

Alikunywa maji kwa kikombe cha bluu, akakimaliza, akashukuru. Kijiko alikipokea kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya mfu. Alipofika jikoni hakukiosha. Alikidondosha kwenye ndoo ya taka, akaifunika, kisha akanawa mikono mara mbili. Alipogeuka, alimkuta mwanamke yule akimtazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Mwanamke aliteremsha macho tu.

"Neno langu ni hili," mwanamke alianza. "Napita nyumba hadi nyumba. Krismasi ikija, naomba msitupe makombo mtaroni. Mwaka jana mtu alitupa gunia zima la nyama iliyooza. Lilikwama kwenye bomba kubwa la chini ya barabara. Maji machafu yakarudi, yakaingia katika nyumba za kule bondeni, watu wakalala juu ya meza. Ndoano ilishindwa kulivuta, ikabidi niingie mwenyewe, maji yakanifika shingoni, nikalikumbatia lile gunia kama mtoto. Likapasuka."

Mama aliweka mkono mdomoni.

"Funza walinimwagikia mpaka ndani ya nguo," mwanamke aliendelea, bila kupandisha sauti. "Hilo niliosha, likatoka. Lakini mfupa ulitoboa glavu ukanichoma hapa." Alikunja mkono wa shati. Kovu lilipanda kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, jekundu, limekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. "Mkono ulivimba ukawa kama paja. Siku ishirini na moja hospitalini. Mwaka mpya ulinikuta kitandani, madaktari wakijadiliana kama waukate au wauache."

Baba alikohoa, akatikisa kichwa.

"Watu wengine hawana haya kabisa," alisema. "Mtaa huu umeharibika."

Kijiko alimtazama baba yake, na kinyaa kikampata. Sasa hakikuwa cha harufu ya yule mwanamke. Kilikuwa cha maneno yale.

Kwa maana lile gunia alilijua. Mwaka jana Baba alinunua nyama ya kulisha watu hamsini, ilhali nyumbani wako watano, mradi tu kumziba mdomo Shangazi. Aliiweka karakanani, katika friza kubwa ya mteja ambayo alikuwa ameitengeneza siku hiyo hiyo. Fundi alikuwa na sheria yake: friza iliyotoka kutengenezwa haifunguliwi siku mbili, ili ishike baridi. Basi haikufunguliwa. Siku ya kwanza walisikia uvundo wakaulaani mtaro. Siku ya pili uvundo ulizidi, Baba akafunga madirisha na kuwatukana wazibuaji kwamba ni wavivu. Asubuhi ya Krismasi alikiinua kifuniko kwa mbwembwe, mbele ya familia iliyovaa nguo mpya tayari kwa picha. Friza ilikuwa ya moto kama tumbo la ng'ombe. Nyama ilikuwa ya kijani, inateleza, na juu yake kulikuwa na kitu cheupe kinachotembea. Kijiko alitapikia viatu vyake vipya. Picha haikupigwa. Alasiri, Baba alishika upande mmoja wa gunia, Kijiko upande wa pili, wakalisukumia mtaroni.

"Ni sisi," Kijiko alisema.

"Kijiko!" Baba alifoka.

"Ni sisi, Baba. Na ulilifunga kwa waya wa shaba. Nilikushikia koleo."

Mwanamke hakushtuka. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea barazani, ambako vipande vya waya wa shaba vilikuwa vimetundikwa msumarini kama shanga.

"Nilipouona waya ule nikifika mlangoni, nilijua," alisema. "Lakini sikuja kumkamata mtu. Ingekuwa hivyo, ningekuja na ndoano tu, nisingekuja na maneno."

Fundi alikaa. Aliinuka. Akakaa tena. Mwishowe alienda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mwanamke yule bila kuziba pua.

"Dada, nimekukosea. Na sasa hivi nimekukosea mara ya pili, kwa kujifanya sijui. Sina uso."

"Uso unao, ndio huo unaonitazama," mwanamke alijibu. "Mwaka jana hakuna aliyenitazama." Kisha akamgeukia Kijiko. "Na wewe mwenye ulimi mwepesi, unaniahidi nini?"

Kijiko alifikiri. "Krismasi hii, kutoka nyumba hii, hata mfupa mmoja hautaingia mtaroni."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Haya. Ahadi ni deni, mwanangu," mwanamke alisema. Akatundika ndoano begani, akaenda nyumba ya pili, na harufu ikabaki nyuma kidogo kabla ya kumfuata.

Kijiko alikwenda jikoni, akafunua ndoo ya taka, akaingiza mkono katikati ya maganda na majani ya chai mpaka akakigusa kikombe cha bluu. Alikiosha kwa sabuni, akakirudisha rafuni pamoja na vingine. Ajabu ni kwamba kile kinyaa hakikuondoka. Kilihama tu, kikatoka kwa yule mwanamke kikaja kukaa juu ya mikono yake mwenyewe.

Aliporudi sebuleni, Mama alikuwa ameichukua ile karatasi na kuichana katikati.

"Tuanze upya," alisema. Alipanga sahani mezani, moja moja: ya Baba, yake, ya Kijiko, mbili za mapacha, na moja ya Shangazi. "Sahani sita. Tutapika kinachoenea hapa, basi."

"Wewe?" Baba alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mkono wako umezoea sufuria la watoto mia tatu. Ukikoroga chai ya watu wawili, majirani wanaleta vikombe."

"Ndiyo maana nimeweka sahani. Macho yatausaidia mkono."

Basi wakaanza kupunguza. Mbuzi wawili wakawa kuku wawili, watakaonunuliwa hai siku moja kabla na kupikwa asubuhi ya Krismasi, pasipo friza. Keki tatu zikawa moja. Nguo mpya zikafutwa. Mama angepunguza gauni lake la manjano limtoshe Kijiko. Mapacha walilia machozi ya dakika tano kwa ajili ya kreti la soda, wakanyamaza walipoambiwa watapata chupa moja moja.

"Na picha?" Baba aliuliza, kalamu ikiwa juu ya neno hilo.

"Usiifute, Baba," Kijiko alisema. "Nichukulieni vyote, lakini picha ya familia ibaki. Mwaka jana hatukupiga."

Picha ikabaki.

Siku ya Krismasi ilikuja na jua kali. Nyumba ilinukia vitunguu na keki, si uvundo. Sahani sita zilipakuliwa, tano zikaliwa, zikabaki nyeupe. Hata mapacha waliramba vidole. Kijiko, ndani ya gauni la manjano, alikuwa akichungulia dirishani kumsubiri mpiga picha, aliyekuwa na nyumba nyingi za kupitia siku hiyo. Shangazi alikuwa amechelewa. Sahani yake ilifunikwa ikamngoja.

Gari liliposimama, Shangazi alishuka na manukato yake, na nyuma yake dereva alibeba sufuria kubwa lenye mfuniko uliofungwa kwa kitambaa.

"Nilijua tu!" alisema akiitazama meza. "Nyumba hii inasherehekea au inaomboleza? Ndiyo maana nimewabebea nyama. Nimeipika tangu jana usiku."

"Imekuwa wapi tangu jana?" Mama aliuliza polepole.

"Kwenye gari. Kwani imekimbilia wapi?"

Kitambaa kilifunguliwa. Harufu chachu iliruka kama paka aliyefungiwa. Juu ya mchuzi kulikuwa na povu la kijivu linalopasuka moja moja, na mafuta mazito yakivutika kama kamasi. Nzi waliingia bila hodi. Pacha mmoja alikimbilia nje kutapika, mwenzake akamfuata asije akapitwa.

Shangazi alijipepea. "Ah, joto tu hili. Kijiko, kamwage mtaroni. Kwani mtaro kazi yake nini?"

Wakati huo huo sauti ikasikika barazani. "Mpiga picha hapa! Jipangeni, nina dakika kumi tu!"

Kijiko alilitazama sufuria. Mtaro ulikuwa hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Kumwaga kungechukua muda wa kupiga chafya. Aliinama, akalishika masikio yake mawili, akalibeba akiwa amegeuza uso pembeni, na mchuzi ukaruka ukatua kifuani mwa gauni la manjano. Alipita kando ya mtaro. Alifika kwenye kipande cha ardhi nyuma ya karakana, akaliweka chini, akashika jembe.

"Mtoto huyu ana wazimu!" Shangazi aliita kutoka mlangoni. "Analima Krismasi!"

Ardhi ilikuwa kavu, jembe likaruka kama limegonga bati. Alikuwa amechimba shimo la kutosha paka tu pale kivuli kilipomwangukia. Baba alikuwa amevua shati lake jeupe na kulitundika kwenye mlango wa karakana.

"Lete hilo jembe, wewe zoa udongo kwa beleshi."

Walichimba pamoja mpaka shimo likawafika magotini. Kijiko alimimina, akiwa amebana pumzi, vipande vikiteleza na kuanguka kwa sauti nzito, *pwata, pwata*.

"Sikiliza, mwanangu," Baba alisema akifukia. "Mwaka jana nilidhani karamu hupimwa kwa kinachojaa mezani. Kumbe hupimwa kwa kinachobaki wageni wakishaondoka. Na uchafu ukiutupa mbali na pua yako haupotei. Umeutupa mikononi mwa mtu. Hilo nimefundishwa na mzibua mtaro, na wewe ndiye uliyenifungua masikio."

"Njooni basi!" mpiga picha alipaza sauti. "Wengine wameshajipanga! Napiga, naondoka!"

Baba alitupa jembe, akamshika mkono, wakakimbia. Walipofika kando ya mtaro Kijiko alisimama ghafla. Ndani, juu ya tope jeusi, kulikuwa na mfupa mmoja mweupe. Ulikuwa umedondoka alipopita na sufuria, na sasa maji yalikuwa yakiusogeza kidogo kidogo kuelekea barabarani.

"Ni mmoja tu, Kijiko," Baba alisema, akihema. "Picha, mwanangu."

"Niliahidi hata mmoja."

Baba aliuachia mkono wake, akabaki kando yake.

Kutoka barazani sauti ikaanza kuhesabu. "Moja!"

Kijiko alipiga magoti ukingoni na gauni lake lile lile. Alikunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Mbili!"

Mfupa ulikuwa umeanza kuzama; akauzamisha mkono katika tope vuguvugu lililonata, likamfika kwenye kiwiko. Vidole vyake vilitafuta, vikapapasa, vikashika.

"Tatu!"

Huko mbele watu walicheka, kamera ikalia. Huku nyuma Kijiko aliinuka, mkono mweusi ukimchuruzika, akatembea taratibu mpaka shimoni, akaufukua udongo kwa mguu, na kuuweka mfupa ule pamoja na mingine.