Mbwa Aliyenenepa kwa Wali wa Baba

Wa kwanza kunenepa nyumbani kwetu alikuwa mbwa.

Jina lake Jenerali. Zamani mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Ghafla akaota tumbo. Akitembea, analivuta taratibu kama shemeji aliyetoka harusini. Asubuhi moja Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akamtazama sana.

"Yokasta," akaniita. "Nani anamlisha huyu?"

"Labda amepata kazi."

Mama hakucheka. Mama akianza kushuku, hacheki.

Katika mji wetu wa Moca, ikifika saa sita mchana mtaa mzima unanukia kitu kimoja: wali, maharage mekundu na kuku wa mchuzi. Mama hupika wali kwenye sufuria nzito ya chuma. Wali wa chini hukauka ukawa ukoko. Ukoko huo ni wa Baba. Hata padri akija kula kwetu, haupati. Mama huukwangua na kuuweka juu kabisa ya sahani ya Baba, kama taji.

Baba yangu, Eladio, ni kinyozi. Miaka yote alikuwa anakuja mchana, anakula, analamba vidole, anasinzia kidogo, anarudi kunyoa watu. Halafu akaanza kubeba sahani yake kwenda uani.

"Nje kuna upepo," alisema.

Sahani ilirudi tupu. Ukoko haupo. Lakini Baba hasinzii tena, na suruali inamteremka.

Siku moja Mama akachungulia dirishani. Baba yuko karibu na karo la kufulia. Anammiminia Jenerali wali. Na ukoko juu.

Mama alikaa chini. "Mpaka ukoko, Yokasta. Ukoko wangu anampa mbwa."

"Labda jino linamuuma."

"Mwanaume asiyekula kwake anakula kwingine. Shuleni mlisoma nini kama hilo hamkusoma?"

Tangu siku hiyo Mama akawa polisi. Na ushahidi aliupata mwingi. Baba, ambaye hajawahi kumtoa mtu damu, alimkata sikio mpiga kengele wa kanisa. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Alitoka jasho huku feni inamvuma usoni. Aligomba kwa sababu ya kijiko. Na mara moja aliniita kwa jina la shangazi.

"Ndizo dalili za mwenye hatia," Mama alisema akikunja vidole. "Jasho. Kutetemeka. Hasira ya bure. Kuchanganya majina. Mtu mwenye mke mmoja anachanganyaje majina?"

Nilitaka kumtetea Baba. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona akiingia kwa Bi Fredesvinda, kabla tu ya chakula cha mchana. Nikanyamaza. Nikinyamaza mimi, Mama anajua kuna jambo. Akanibana mpaka nikasema.

Bi Fredesvinda ni mjane, mshonaji, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mwaka juzi alikuwa anajaza kiti cha kanisa peke yake. Sasa amepungua, anavaa magauni ya binti yake. Siri yake si siri, maana anamwambia kila mtu. Ameacha wali. Ameacha mkate, muhogo, ndizi za kukaanga na vinywaji vya sukari. Anakula mayai, samaki, nyama, mboga za majani na parachichi. Anasema mwili ukikosa wanga na sukari, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Ukikaa naye benchi moja kanisani, anakutazama nyonga kisha anakutazama usoni kwa huruma.

"Amemlisha limbwata," Mama akasema. "Naapa."

Kumbuka jambo moja hapa. Baba ana kisukari. Kila asubuhi anameza kidonge, na Mama ndiye anayempa mkononi pamoja na glasi ya maji. Hata wiki aliyomnunia, kidonge alimpa. Alikuwa anakiweka mezani kwa kishindo, lakini alimpa.

Ikafika Ijumaa ya Kwaresima. Kwaresima kwetu ni maharage ya sukari. Ni uji mzito wa maharage mekundu, tui la nazi, maziwa, viazi vitamu na sukari bila huruma. Kila nyumba hupika sufuria kubwa na kuwapelekea majirani. Mtu akija na bakuli hilo humfungii mlango, hata kama mna kesi mahakamani.

Mama alilijua hilo vizuri sana. Alijaza bakuli, akalifunika kitambaa cheupe.

"Twende," akaniambia.

"Wapi?"

"Kumsalimia jirani."

Mlango wa Bi Fredesvinda ulikuwa wazi. Mama akaita kwa sauti tamu kushinda bakuli lenyewe. "Jirani, nimekuletea maharage."

Bi Fredesvinda alitoka jikoni na mwiko mkononi. Uso wake haukuwa wa kawaida. "Bi Mireya. Asante, lakini mimi hivyo siku hizi siweki mdomoni."

"Najua. Unaweka vya wenzio."

Mama akampita, akaingia jikoni. Nikamfuata.

Baba alikuwa ameketi. Mbele yake kulikuwa na mayai ya jibini na nusu ya parachichi, havijaguswa. Shati limelowa. Alimtazama Mama kama mtu anayejaribu kukumbuka walionana wapi.

"Eladio."

"Pembeni tu," Baba akasema polepole, kama mteja anayeagiza kunyolewa. "Juu usipunguze."

Mama akageuka. "Umempa nini mume wangu?"

"Mayai."

"Na ndani ya mayai?"

"Jibini, Mireya. Amefika hivi hivi anatetemeka. Nikadhani njaa."

"Limbwata lina majina mengi."

"Ningekuwa na limbwata ningeanza na mwenye duka la dawa. Kinyozi wa nini?"

Nilikuwa nataka kucheka. Uma ukamponyoka Baba, na mkono wake ukateleza mezani kama si wake. Bi Fredesvinda akapaza sauti kwenye ukuta wa uani, akamwita jirani yake, nesi Ercilia, ambaye ndiyo kwanza ametoka zamu.

Nesi akaja na kipimo chake kidogo. Akamchoma Baba kidole, akasubiri.

"Arobaini na nne," akasema. "Chini ya sabini tayari ni hatari. Sukari imemshuka vibaya."

"Imeshuka?" Mama akauliza. "Huyu ugonjwa wake ni wa kupanda."

"Inapanda, na pia inashuka. Ikishuka inaua haraka zaidi. Mzee Eladio, meza mate nikuone." Baba akameza. "Vizuri. Angekuwa hawezi kumeza, tusingemtia kitu mdomoni, tungekimbia naye hospitali. Leteni sukari."

Bi Fredesvinda akasimama katikati ya jiko lake kama mgeni. "Sukari sina. Nilitupa yote. Asali, juisi, vyote."

Sote tukalitazama bakuli la Mama.

"Lina nazi na maziwa, litachelewa kufika kwenye damu," nesi akasema. "Lakini ndilo lililopo. Mpe kidogo kidogo. Yokasta, kimbia dukani. Juisi yenye sukari."

Nilipokuwa natoka nilimsikia Baba akinung'unika, "Sitaki. Nimeacha wanga."

"Fungua mdomo," Mama akamwambia, "kabla hujaacha na mke."

Nilirudi na juisi, pumzi hazinitoshi. Baba akanywa. Nesi alisubiri robo saa akapima tena. Themanini na moja. Macho ya Baba yakaanza kurudi mahali pake. Akaliona bakuli, akaniona mimi, akamwona Mama mwenye kijiko.

"Mireya. Unafanya nini hapa?"

"Nimeleta maharage," Mama akasema.

Nesi akavuta kiti. "Asubuhi umekula nini?"

"Kahawa bila sukari."

"Jana?"

"Samaki na kabichi."

"Na kidonge?"

"Nilimpa mwenyewe," Mama akadakia. "Kila siku."

"Basi hapo ndipo penye tatizo," nesi akasema. "Kidonge chako kazi yake ni kuishusha sukari. Daktari alikipima kwa mtu anayekula mlima wa wali. Wewe umeuondoa mlima. Kidonge hakina habari, kinaendelea kushusha tu. Na hii si mara ya kwanza. Wiki hizi hujatetemeka? Jasho? Hasira ya ghafla? Kuchanganya mambo?"

Mama aliviangalia vidole vyake. Ni vilevile alivyokuwa akivikunja.

"Ndizo dalili za mwenye hatia," nikamsaidia.

"Nyamaza, Yokasta."

Kisha akamgeukia Baba. Sauti ilikuwa ya chini, na mimi sauti hiyo naiogopa kuliko ya juu. "Kwa nini hukuniambia?"

Baba akaitazama miguu yake. "Mzee wangu alikatwa mguu kwa sukari. Unakumbuka. Mimi kazi yangu ni kusimama. Nilimwona Fredesvinda, mwenye sukari kama mimi, amepona nusu, nikataka na mimi. Lakini wewe kila siku unanikwangulia ukoko, unauweka juu. Ningekwambiaje siutaki?"

"Ukaona bora aule Jenerali."

"Jenerali haulizi maswali."

Nesi akamgeukia Bi Fredesvinda. "Na wewe. Ulipoanza kula hivi, dawa zako zilikuwaje?"

"Daktari alizipunguza kwanza. Kisha akawa ananipima kila baada ya wiki mbili."

"Hilo hukuniambia," Baba akasema.

Bi Fredesvinda aliuangalia mwiko wake. "Niliona ni mambo yangu na daktari. Nikawagawia watu chakula tu."

"Umewagawia nusu," nesi akasema. "Tena nusu ndogo. Chakula hiki kinawasaidia baadhi ya watu wenye kisukari kama cha Mzee Eladio. Sisemi uongo, nimewaona. Lakini anayetumia dawa za sukari au za presha, amwone daktari kabla ya kubadilisha sahani. Mwenye figo mbovu, mjamzito, na mwenye kuishi kwa sindano za insulini, hao wasijaribu kwa kusikia tu kwa jirani. Na wapo ambao kupunguza wali nusu na kuacha soda kunawatosha."

"Basi naenda nyumbani," Baba akasema, akainuka.

"Unaenda hospitali. Kidonge kile kinakaa mwilini muda mrefu. Sukari inaweza kushuka tena."

Ilishuka tena kweli, jioni, lakini ilimkuta kitandani hospitali na watu wanamwangalia. Mama alikaa kando yake. Hakuwa amenuna. Alikuwa anamtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Daktari hakumkataza Baba chakula kile. Alimsimamishia kidonge, akampa kingine kisichoshusha sukari kwa nguvu hivyo, akamwambia arudi kupimwa. Akamwambia pia anywe maji ya kutosha, asiruke milo, na kila anapokwenda awe na pipi mfukoni. "Pipi si za kula," daktari alisema. "Ni za kukuokoa." Baba akanitazama mimi aliposikia neno pipi. Sijui kwa nini.

Nyumbani, Mama alimwita nesi Ercilia aje akague jiko. Alitaka kumwonyesha kwamba yeye hana kosa.

"Sukari mimi simpi," alisema huku akianza kupika kuku. Akamwaga mafuta kwenye sufuria, akatia vijiko vya sukari, akaiunguza mpaka ikawa kahawia.

"Na hiyo?" nesi akauliza.

"Hiyo ni rangi ya kuku."

"Macho yanaona rangi. Damu inaona sukari."

Mama alisimama na kijiko hewani. Tangu enzi za bibi yake, kuku wa kwetu hutiwa rangi hivyo. Siku ya pili kuku alipikwa kwa nyanya na pilipili hoho. Alikuwa mwekundu badala ya kahawia, na hakuna aliyekufa. Soseji za bei poa nazo zikaondoka, baada ya nesi kunisomesha kwa sauti maandishi ya nyuma ya pakiti: nyama kidogo, unga mwingi.

Sasa mezani kuna wali, na kuna biringanya, kabichi, parachichi na mayai. Kila mtu anapakua chake mbele ya macho ya wote. Baba anakula ndani, upepo upo au haupo. Sukari yake imeshuka taratibu, kwa namna inayomfurahisha daktari. Mikono imetulia. Mpiga kengele wa kanisa amerudi kunyolewa, ingawa sikio anashikilia mwenyewe.

Ukoko nimerithi mimi.

"Na wewe ukianza kuupeleka nje," Mama ameniambia, "nitajua una bwana."

Bi Fredesvinda bado anahubiri. Lakini sasa anaanza na swali. Mtu akimwuliza amepunguaje, yeye anamwuliza, "Unameza dawa gani?" Akijibiwa, anamtuma kwa daktari kabla hajamtajia hata yai.

Jumapili iliyopita alirudisha bakuli la Mama. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Alikuwa amelijaza biringanya za kukaanga na jibini. Mama alishukuru mlangoni, akatabasamu, akafunga mlango. Akalinusa bakuli. Akalinusa upande wa pili. Kisha akachota kipande kimoja, akatoka nacho uani.

"Jenerali," akaita.

Jenerali, ambaye mbavu zake zimeanza kuonekana tena, alimeza bila kutafuna. Mama akasimama, mikono kiunoni, akimwangalia kwa makini. Mbwa akatikisa mkia, akaomba kingine.

Mama akarudi ndani, akachukua uma.