Nilimwambia Shosho Ni Karatasi ya Paa

Nina miaka ishirini na sita. Nina digrii, sina kazi, na nina ugonjwa wa kuwaza… Nikifunga kufuli, narudi mara tatu kuhakikisha. Siku moja tu nilijikataza kuwaza, na siku hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Nyumba yetu ilikuwa hapa Eldoret, ya mbao za mwerezi, tangu enzi za walowezi. Babu aliinunua, akawa anachonga jina la kila mtoto aliyezaliwa humo kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Langu lilikuwa la mwisho.

Shosho, nyanya yangu, hajui kusoma. Desturi yake ilikuwa moja: haweki kidole kwenye karatasi kabla sijamsomea kwa sauti, kwa Kikuyu, neno kwa neno.

Mwaka jana Anko Njoroge, mdogo wake baba, alikuja na karatasi za Kiingereza. Alisema ni za kuomba kibali cha kubadilisha paa, maana lilivuja vibaya. Ukurasa wa pili nikaona maneno ya kuhamisha umiliki.

"Anko, mbona hapa panasema nyumba inahamishwa?"

Akacheka hadi chai ikamwagika. "Ameanza! Huyu hata mvua ataiuliza kitambulisho. Hiyo ni lugha ya mawakili, bwana. Ama digrii ilikuwa ya kuogopa karatasi?"

Binamu zangu wakaangua kicheko. Niliona aibu…

"Nisomee basi," Shosho akasema.

"Ni ya paa tu, Shosho. Weka kidole."

Akaweka. Nami nikatia sahihi yangu chini, kama shahidi.

Mwezi haukuisha, wanaume wakaja na mitaimbo kubomoa nyumba; Anko alikuwa ameiuza. Simu ya Anko ilikuwa imezimwa. Wakili tuliyemkimbilia alinionyesha ile sahihi, akauliza, "Shahidi ni wewe?" Tuliporudi, mwimo wenye majina yetu ulikuwa umeshapasuliwa kuni.

Sasa tunaishi chumba kimoja Kapsoya. Shosho hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniua! Wiki jana alitoka kliniki, akanipa kadi yake.

"Nisomee," akasema. "Lakini kwa sauti, mwanangu. Hata yale ya kuogopesha."

Wenzangu, aibu ya kuchekwa huisha kabla chai haijapoa. Kama wewe ndiwe macho ya mzee wako, nakusihi… usimfumbie!