Kuomba Si Kukataa

Kila asubuhi Fundi alikuwa na wateja. Kitanda cha huyu kimelegea, mlango wa yule haufungi. Wateja wote walikuwa wakimbizi kama yeye, katika kituo cha kusubiri safari. Vita vilimfukuza kwao, lakini nyundo yake hakuiacha. Yeye, mkewe na mama yake mzazi walikaa chumba kimoja, pazia katikati. Nchi moja ilikuwa imekubali kuwapokea, nao walishukuru sana.

Siku moja mkewe alirudi kutoka ofisi ya kituo na barua mkononi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mume wangu, wanatupeleka mji wa kaskazini. Mama mdogo yuko kusini. Ni siku mbili kwa basi!"

Mama mdogo ni ndugu wa mama yake Fundi. Alitangulia nchi ile miaka tisa iliyopita. Walizaliwa saba, wamebaki hao wawili. Na magoti ya mama yalikuwa mabovu. Kutoka chumbani hadi bombani tu alipumzika mara mbili. Safari ya siku mbili angeiweza wapi?

"Kwenye mahojiano hawakukuuliza tunataka kukaa wapi?" mke aliuliza.

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema popote. Mgeni anaanzaje kuchagua chumba? Wangeniona sina adabu."

"Adabu! Haya, adabu yako hiyo inatupeleka kaskazini."

Mama alisikia yote nyuma ya pazia. "Msigombane, wanangu," alisema. "Nitampigia simu. Inatosha."

Haikutosha. Siku ile hakugusa hata chai. Fundi aliona, na moyo ulimuuma.

Kesho yake wote watatu walikwenda kwa mshauri wa kituo. Watu walimwita Mama Faili, kwa sababu hakuonekana bila faili kwapani. Aliisoma barua polepole, kisha akauliza, "Mmeshatia saini?"

"Bado," alisema Fundi.

"Afadhali. Hili ni pendekezo. Hapa chini wameandika mna siku kumi na nne za kujibu."

"Lakini tukikataa si watasema hatuna shukrani? Wakitufuta je?"

"Nani kasema mkatae? Kuomba si kukataa. Hebu niambie, Fundi. Mteja akitaka kitanda, wewe unamuuliza nini?"

"Urefu na upana."

"Akikujibu 'chochote tu'?"

Fundi alicheka. "Huyo atalala miguu nje!"

"Basi. Walipokuuliza, hawakuwa wanapima adabu yako. Walitaka vipimo."

Mama Faili akamgeukia mama. "Na wewe, mama, unataka nini?"

Mama alimtazama mwanawe.

"Usimtazame yeye. Nakuuliza wewe."

Mama alimgeukia Mama Faili. Kisha alisema, "Nataka kuzeekea karibu na mdogo wangu."

"Hilo ndilo tutakaloandika."

Waliandika pamoja jina kamili la mama mdogo, anwani yake na namba ya simu. Waliambatanisha cheti cha daktari kuhusu magoti. Fundi alitaka kuandika kwamba yule naye ni mama yake.

"Kwetu ni mama tu," alisema.

"Najua, lakini anayesoma atashangaa una mama wawili. Andika: ni mdogo wake mama, baba mmoja, mama mmoja. Sema kweli, na uieleze yote. Ukidanganya neno moja, hata ya kweli hayataaminiwa."

"Kuna mtu getini anasema anaweza kutubadilishia mji," alisema mke.

"Huyo mkimbieni! Kuomba ni bure. Na msitie saini karatasi msiyoielewa. Ombeni mkalimani, ni haki yenu. Mkimaliza, bakini na nakala."

"Kwa hiyo watatupeleka kusini?"

"Siwaahidi. Kila nchi ina utaratibu wake, na huenda nyumba zimejaa. Lakini jambo wasilolijua, watalifikiriaje?"

Walisubiri wiki tano. Fundi alitengeneza vitanda hata visivyoharibika, ili mikono isikae bure. Kisha jibu likaja. Katika mji wa mama mdogo nyumba zilikuwa zimejaa kweli. Lakini walipewa mji jirani, nusu saa tu kwa basi. Mke alipiga vigelegele ofisini, na hakuna aliyemkataza.

Siku ya kufika, mama mdogo alikuwa amekuja kuwapokea stendi. Alimtazama dada yake juu mpaka chini.

"Mbona umezeeka hivyo?"

"Na wewe? Kwako hakuna kioo?"

Walicheka, wakashikana, wakalia. Fundi alijifanya anahesabu mizigo, maana macho yake pia yalikuwa yamejaa.

Siku hizi kila Jumamosi mama hupanda basi kwenda kwa mdogo wake. Magoti bado yanauma, lakini nusu saa anaiweza. Jumamosi ya kwanza aliomba Mama Faili apigiwe simu.

"Mwanangu," alisema, "tangu nitoke kwetu nimepewa vingi. Nimepewa mkate, blanketi na dawa. Nawashukuru wote, Mungu awalipe. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuniuliza ninataka nini."